Muuguzi wa Kimana na Ruzuku ya Huduma Shufaa

Mgonjwa wa saratani kutoka Kimana akimaliza awamu zake za matibabu Nairobi, huambiwa arudi nyumbani, na maumivu anarudi nayo. Hospitali iliyo karibu ni ya Loitokitok. Ile ya rufaa ya kaunti iko mjini Kajiado, mbali mno kwa mtu asiyeweza hata kukaa vizuri kwenye matatu. Anayebaki naye siku kwa siku ni muuguzi wa kituo cha afya, na mara nyingi muuguzi huyo hajawahi kufundishwa kumpimia mtu morfini ya kunywa, wala hana sauti kwenye kikao kinachoamua ni dawa gani zitaagizwa.

Makala haya ni ya muuguzi huyo, na ya msimamizi wake. Ruzuku za kuwafundisha wauguzi uongozi katika huduma shufaa, yaani ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wenye maradhi mazito, zipo. Wengi huzikosa kwa sababu huomba cheti tu, huku mfadhili akitaka kujua kazi itakayofanyika cheti kikishapatikana.

Tuanze na fedha zenyewe. Kuna ufadhili wa masomo unaomlenga mtu, na kuna ruzuku inayopewa taasisi. Ukichanganya hizi mbili, fomu yako haifiki mbali. Upande wa masomo, Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika (APCA), chenye makao yake Kampala, kimeshirikiana na shirika la Marekani la Global Partners in Care kuendesha mfuko wa masomo kwa wauguzi na wahudumu wa ustawi wa jamii. Upande wa taasisi, APCA imegawa ruzuku ndogondogo za True Colours Trust ya Uingereza. Kwa Mkenya, mlango wa kwanza wa kubisha ni KEHPCA, muungano wa hospisi na huduma shufaa nchini, ulioko Nairobi. Uliza tangazo la mwaka huu, maana masharti hubadilika na fomu ya zamani haifai kitu. Yeyote anayekutaka utume ada kwa M-Pesa ili jina lako “lipitishwe” ni tapeli.

Mfano wa kuangalia uko jirani. Nchini Uganda, Burdett Trust for Nursing, wakfu wa Uingereza unaosaidia kazi ya uuguzi, uligharamia programu ya uongozi kwa wauguzi wa huduma shufaa. Hawa hawakung’olewa vituoni mwao wakapotelea darasani: walijifunza huku wakiendelea na kazi, wakiwa na walezi wa kuwaongoza. Uganda ilikuwa imeshaandaa uwanja, kwani tangu 2004 sheria yake inamruhusu muuguzi aliyesomea huduma shufaa kuandika morfini. Mafunzo hutolewa Kampala, katika taasisi ya Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Hapa Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Tiba (KMTC) kina stashahada ya juu ya fani hii. Ulizia masharti ya kujiunga na kampasi inayoifundisha kabla hujaandika bajeti.

Sasa ombi lenyewe. Leseni hai ya Baraza la Wauguzi, vyeti na barua za wadhamini kila mtu anazo. Kinachotofautisha ombi moja na jingine ni daftari la kituo chako. Kaa na rejista za mwaka mmoja uhesabu: ni wagonjwa wangapi wa saratani, wa figo, wa UKIMWI uliokomaa, walikuja wakilalamika maumivu? Wangapi waliandikiwa rufaa, na wangapi kati yao hawakwenda? Takwimu hizo hana mtu mwingine ila wewe, na mfadhili aliyeko London au Kampala hawezi kuzipata popote pengine. Usiweke majina ya wagonjwa.

Halafu eleza mazingira bila kupamba. Ukiahidi kuwatembelea wagonjwa majumbani, kumbuka kwamba kiangazi kikikaza familia huhama na mifugo, na boma ulilolizoea unaweza kulikuta tupu. Huenda kliniki ya siku ya soko ikafaa zaidi, kwa kuwa magari yapo na jamaa wa mgonjwa wanakuja mjini hata hivyo. Bajeti iwe na mafuta ya pikipiki, muda wa maongezi, na posho ya mkalimani wa Kimaasai kama wewe hukijui.

Barua ngumu kuipata ni ya mwajiri, nayo ndiyo ningeihangaikia kwanza. Tangu 2013 wauguzi wa vituo vya umma wako chini ya kaunti, kwa hiyo ruhusa ya masomo inatoka Kajiado, si Nairobi. Usitosheke na barua ya kukuruhusu uondoke. Omba iseme nani atashika zamu zako, na kwamba ukirudi utapewa dawati la huduma shufaa pamoja na nafasi kwenye kamati ya dawa. Ni jambo la kawaida muuguzi kurudi na stashahada yake akapangiwa wodi ya wazazi, na hapo ruzuku nzima imekwenda na maji. Sera ya Kenya ya huduma shufaa ya 2021–2030 iko upande wako. Itaje katika barua. Soma pia mkataba wa kumtumikia mwajiri baada ya masomo, ujue unajifunga kwa miaka mingapi.

Jambo la mwisho ni muda. Mfuko wa kumbukumbu ya Diana, Binti Mfalme wa Wales, uliisaidia sana huduma hii barani Afrika, kisha ukafungwa mwaka 2012 kama ulivyokuwa umepanga. Kwa hiyo andika katika ombi lako ni kipi kitaingizwa katika bajeti ya kaunti ruzuku ikiisha, hata kama ni morfini peke yake. Ukikataliwa, andika barua fupi uulize sababu, na uyatumie majibu hayo awamu ijayo.