Programu Yatumia Kumbukumbu Kiasi Gani?

Mara nyingi naulizwa na wanafunzi kwa nini kompyuta zetu hujaa upesi, na wazazi wengine wamekwisha kusikia habari za mchango wa kununulia kumbukumbu zaidi. Kabla fedha hazijatolewa, yafaa tujue kila programu yatumia kiasi gani. Mtu hudhani jambo hili ni jepesi kama kupima mchele kwa kibaba. Lakini hapa vibaba ni vingi, na kila kimoja hutoa jibu lake.

Kompyuta zetu hutumia Linux. Humo kila programu iliyo kazini hupewa namba, na katika folda iitwayo /proc, chini ya namba hiyo, limo faili liitwalo status. Lifungue, utaona mistari mingi. Miwili ndiyo inayowachanganya watu: VmSize na VmRSS.

Fikirini bweni. Majina 100 yaweza kuandikwa daftarini, na siku ya kufungua shule wakafika 60. VmSize ni majina ya daftarini. VmRSS ni wale waliokwisha kupata vitanda. Kompyuta haitoi nafasi ya kweli mpaka programu iiguse mara ya kwanza, na huitoa kwa vipande viitwavyo kurasa, kila ukurasa baiti 4,096 katika mashine za aina yetu. Kwa hiyo programu yaweza kuonyesha VmSize ya gigabaiti nyingi ndani ya mashine yenye gigabaiti 4 tu, wala si ajabu. Anayeogopa tarakimu hiyo anaogopa daftari.

Je, VmRSS ndiyo kweli yote? La, bado. Programu nyingi hutumia sehemu zilezile zilizoandikwa tayari, na kompyuta huweka nakala moja tu kwa ajili ya zote. Tuseme ziko programu tatu, kila moja ina VmRSS ya megabaiti 40, na katika hizo 30 ni za shirika. Ukijumlisha VmRSS utapata 120. Lakini kila programu ina 10 zake, jumla 30, na zile 30 za shirika zahesabiwa mara moja tu: yote ni 60. Nusu ya ile ya kwanza!

Ndipo ikawekwa hesabu iitwayo Pss, ambayo hugawa kila ukurasa wa shirika kwa idadi ya programu zinazoutumia. Hapa kila moja yapata 10 zake na fungu la 10, yaani 20. Mara tatu ni 60. Tangu mwaka 2017 Linux hutoa jumla hii katika faili smaps_rollup, lililo kando ya status. Naipenda hesabu hii, ila ina kioja chake. Funga programu moja: mbili zilizobaki zagawana zile 30, na Pss ya kila moja yapanda toka 20 hata 25, ingawa haikufanya lolote. Nayo mashine imepata megabaiti 10 tu, si 40 wala 20. Anayetaka kujua atapata nini akifunga programu, na ajumlishe mistari ya Private_Clean na Private_Dirty katika faili lilo hilo.

Kwetu sisi naona kubwa zaidi ni wakati wa kupima. Programu ya kupanga matokeo hukaa kimya asubuhi, ikavimba jioni alama za kidato kizima zinapoingizwa. Kwa hiyo, katika status, tazama VmHWM, ambayo huweka kilele cha VmRSS tangu programu ilipoanza. Isome kabla programu haijafungwa, kwa maana ikifungwa folda yake hutoweka palepale.