Tuijue Ardhi Yetu: Nyanda za Simanjiro

Nyanda za Simanjiro ziko mkoani Manyara, mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mvua za vuli huanza Novemba na za masika huisha Mei. Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Hakuna sehemu moja inayoweza kulisha mifugo mwaka mzima. Kila sehemu ina msimu wake.

1. Uwanda wa nyasi fupi
Nyasi zake zina madini mengi, hasa fosforasi inayojenga mifupa na kuongeza maziwa. Ndiyo maana nyumbu na pundamilia hutoka Tarangire wakati wa mvua na kuja kula huku, na nyumbu huzalia hapa.

Tahadhari: ndama wa nyumbu hutoa virusi kwa makamasi na machozi. Ng'ombe akiambukizwa hupata homa kali, makamasi mazito na ukungu machoni. Ugonjwa huu hauna tiba. Weka ng'ombe mbali na mazalio hadi ndama hao watimize miezi 4.

2. Miinuko na vichaka
Hapa ndipo pa kuhamishia ng'ombe wakati nyumbu wanazaa. Pia kuna kuni na miti ya dawa.

3. Malisho ya akiba (alalili)
Hufungwa wakati wa mvua ili nyasi zikomae. Kiangazi hufunguliwa kwa ndama, wagonjwa na ng'ombe wanaokamuliwa.

Hatari iliyopo
Shamba likilimwa katikati ya uwanda au miinuko, hukata njia ya mifugo. Ng'ombe hubanwa sehemu moja, alalili huliwa kabla ya wakati, na ndama hukosa nyasi mwezi wa Septemba. Malisho yaliyolimwa huchukua miaka mingi kurudi.

Tufanye nini?
- Hudhurieni Mkutano Mkuu wa Kijiji, wanaume kwa wanawake. Mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwa hapo.
- Tengeni mashamba mbali na njia za mifugo na maji.
- Ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa malisho ya pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kikundi kupewa hati.

Jadilini nyumbani
Alalili yetu iko wapi? Nani anailinda? Je, mwaka huu imefungwa kwa wakati?