Neno "Suluba" na Heshima Yake

Jumapili moja, baada ya Misa, tulikuwa tukizungumza barazani na kijana aliyerudi likizo kutoka shule ya sekondari. Tulimwuliza habari za nyumbani, kisha tukamwuliza babaye anafanya kazi gani. Akajibu kwa sauti ya chini, "Hana kazi, Padre. Anafanya suluba tu." Baba mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Alisikia, wala hakusema neno. Twamjua mtu yule: hupasua kokoto toka asubuhi hata jioni, na ada ya shule ya kijana huyo hutoka katika nyundo yake.

Jambo hilo halikututoka moyoni. Basi leo twapenda kulitazama neno hili suluba, maana yake na matumizi yake, pamoja na majirani zake, yaani bidii, juhudi na jitihada. Kwa maana asiyepima maneno yake aweza kumjeruhi mzazi wake bila kukusudia.

Suluba ni kazi nzito itumiayo nguvu nyingi za mwili. Achukuaye magunia bandarini, alimaye kwa jembe la mkono, achotaye maji mbali na kuyaleta kichwani, wote hufanya kazi ya suluba. Neno lenyewe lasema habari za uzito wa kazi. Halisemi lolote juu ya thamani ya kazi hiyo, wala juu ya mtu aifanyaye.

Bidii ni jambo jingine. Suluba imo katika kazi, bali bidii imo moyoni. Mwanafunzi aliyeinamia kitabu chake aweza kuwa na bidii kubwa pasipo suluba yoyote. Na mtu aliyelazimishwa aweza kupata suluba tele pasipo bidii hata kidogo. Juhudi na jitihada hutoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kujikaza, na neno jihadi limetoka huko huko. Twayatumia pale mtu anapokazana ili afikie jambo fulani: wanakijiji hufanya juhudi kupata kisima, mgonjwa hufanya jitihada kuinuka kitandani. Watoto wa shule na waangalie herufi: kitendo ni jitahidi, lakini jina lake ni jitihada.

Msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kusikia kwamba suluba yafanana kwa sauti na sulubu, na hata na msalaba. Katika Kiarabu herufi tatu zile zile huzaa neno la ugumu na uimara, na pia neno la kumtundika mtu msalabani. Hatusemi kwamba neno moja ni mtoto wa jingine. Lakini Mkristo asikiaye maneno hayo pamoja ana la kutafakari: mti ule uliokuwa aibu kuu machoni pa Warumi, sisi twauweka juu ya madhabahu.

Basi, aibu ya suluba imetoka wapi? Sehemu yake imetoka katika historia yetu. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi, vilikuwa na sababu zake, na mojawapo ni watu kulazimishwa kulima pamba. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, vibarua walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba. Mtu aliyepewa kazi pamoja na kiboko, au aliyepotezewa jina lake akapewa namba, hawezi kuipenda kazi hiyo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wito wa "Uhuru na Kazi" ulikusudiwa kuirudishia kazi heshima yake.

Lakini sehemu nyingine ya aibu hiyo twaipanda sisi wenyewe. Mzazi humwambia mtoto, "Usiposoma utashika jembe," naye jembe lenyewe ndilo linalomlisha. Mwalimu humpa mkosaji adhabu ya kulima. Nasi hatujitoi katika lawama: tulipokuwa tukifundisha, tuliwahi kuwapeleka wavulana watundu shambani ili watubu. Je, ni ajabu mtoto akikua akidhani kwamba kulima ni malipo ya ujinga au ya makosa?

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha vingine. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na hilo lilikuwa kabla ya dhambi. Jasho na miiba vilikuja baadaye. Maana yake, suluba ni matokeo ya anguko, lakini kazi ni ya zamani kuliko anguko. Mwana wa Mungu mwenyewe alijulikana kijijini kwake kuwa seremala, na Mtume Paulo alishona mahema. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens, alifundisha kwamba heshima ya kazi hutoka kwanza katika mtu aifanyaye, kwa kuwa ni mtu, wala si katika aina ya kazi.

Wala mtu asidhani kwamba twaisifu suluba ili maskini aendelee kuteseka. Mashine ikiweza kumpunguzia mama mzigo wa kutwanga, na iletwe upesi. Tena, kumsifu kibarua kwa maneno na kumpunja ujira wake ni unafiki. Mtume Yakobo asema kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji humlilia Mungu. Heshima ya mfanyakazi huanza kwa kulipwa haki yake, na kwa siku yake.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Neno suluba alilitumia sawasawa, kwa maana kupasua kokoto ni suluba kweli. Kosa lake lilikuwa katika maneno mengine: "hana kazi", na kile kijineno kidogo "tu". Zege la sakafu ya darasa lake halikumwagwa pasipo kokoto, na kokoto hazijipasui zenyewe.

Wazazi, waelezeni watoto wenu bila kuficha jinsi mkate wao unavyopatikana. Nanyi vijana mrudio likizo, mkiulizwa baba afanya kazi gani, jibuni kwa sauti isikikayo mpaka pale alipo: "Baba yangu hupasua kokoto."