Herufi za Bodoni, Kutoka Bango la Duka Hadi Kadi ya Kwanjula

Nina duka la unga Kalerwe, kando ya Barabara ya Gayaza. Fundi wa mabango amenichagulia Bodoni, herufi zenye nguzo nene na mistari myembamba kama unywele. Zitanifaa?

Kwa bango la barabarani, hapana. Herufi kubwa ya sentimita 10 huwa na nguzo ya kama sentimita 1.4, lakini mstari wake mwembamba ni milimita 2 au 3 tu. Abiria wa bodaboda ataziona nguzo peke yake: E itafanana na I, na n itabaki vijiti viwili. Vumbi na jua vitamaliza kilichosalia. Mwombe fundi herufi yenye unene ulio sawa kote. Mteja akishindwa kusoma “unga”, uzuri wa bango haukusaidii kitu.

Kwa nini basi zilichorwa hivyo?

Giambattista Bodoni aliendesha matbaa ya mtawala wa Parma, Italia, kuanzia 1768. Vitabu vyake vilikuwa vikubwa, pambizo zake pana, na vilisomwa kwa utulivu mezani. Huko Birmingham, John Baskerville alikuwa ameshatengeneza karatasi laini na wino mweusi zaidi. Kwenye karatasi yenye mikwaruzo mstari mwembamba namna ile ungekatikakatika. Miaka ya 1780, Firmin Didot wa Paris naye alichora herufi za namna hiyo. Hadi leo jina la jarida la Vogue limeandikwa kwa herufi za ukoo huu, na mimi naona zinastahili: nguzo imesimama wima, kijistari cha mwisho kimelala bapa, na weupe katikati unapata nafasi ya kung'ara.

Na kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya binti yangu?

Hapo ndipo mahali pake hasa! Weka majina ya maharusi kwa pointi 36 au zaidi, juu ya karatasi nzito isiyo na mikwaruzo, na uyaachie nafasi kubwa pembeni. Saa na mahali viandike kwa herufi nyingine, au tafuta ITC Bodoni ya 1994, yenye michoro mitatu: ya pointi 6, 12 na 72. Ule wa 6 umeongezwa unene kwenye mistari myembamba. Usikubali maandishi madogo meupe juu ya rangi nzito, maana wino hutanuka na kuifunika mistari hiyo.

Kadi itakuwa ya Kiganda. Kuna la kuangalia?

Herufi ŋ. Fonti nyingi hazina, na kompyuta huiazima kwingine bila kukuuliza, ukapata ŋ nono na butu katikati ya wenzake. Kabla ya kulipa kwenye matbaa za Nasser Road, mwambie mpiga chapa akutolee neno “eŋŋoma” kwenye karatasi ileile ya kadi, kwa ukubwa uleule. Ŋ ikionekana ya kuazima, badilisheni fonti.