Saa Moja na Nusu au Siku 134?

Je, kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani? Ukimwuliza mtu pale Mtendeni, huenda atakujibu kwa treni: "Siku nzima, na ikichelewa ni zaidi." Hebu leo tupime kwa ndege, maana jibu lake linahusu afya yako kuliko unavyodhani.

Chukua atlasi. Tabora iko karibu na longitudo 32.8° Mashariki na latitudo 5.1° Kusini. Uwanja wa ndege wa Dar uko karibu na 39.2° Mashariki na 6.9° Kusini. Tofauti ni nyuzi 6.4 kwa longitudo na 1.8 kwa latitudo. Kwa kuwa hatuko mbali na Ikweta, kila nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo tunapata km 710 na km 200. Sasa mwite Pythagoras (yule uliyedhani hatakusaidia kitu maishani!) na utapata karibu km 740. Ndege ya pangaboi ikienda kwa wastani wa km 500 kwa saa, safari ni saa moja na nusu tu.

Wa zamani walitembea. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walitoka pwani karibu na Bagamoyo na msafara wa wapagazi. Waliingia Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, siku ya 134. Njiani walikuta maiti za wapagazi waliouawa na ndui.

Hapa sasa ndipo penye somo. Ukiambukizwa leo huumwi leo. Vijidudu huzaliana kwanza mwilini, kimyakimya, ndipo dalili zitokee. Kwa ndui ilichukua kama siku 7 hadi 19. Mpagazi aliyeambukizwa pwani aliugua akiwa bado porini, na kila mtu alimwona. (Ndui yenyewe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980.)

Msafiri wa ndege je? Anashuka mzima kabisa, anatabasamu. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania aliingia kwa ndege kupitia Kilimanjaro, na alipopimwa joto uwanjani hakuonekana na homa. Kipimo cha joto hakioni ugonjwa ambao haujaanza kuchemsha mwili.

Mambo huenda kinyume pia. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kung'atwa, na malaria ya kwetu ikicheleweshwa huua.

ZOEZI: Jumapili usiku, hapo Mtendeni, mwanafunzi anang'atwa na mbu mwenye malaria. Jumatatu anaruka kwenda Dar, Jumanne yuko Ulaya kwa shangazi yake. Siku ya kumi anapata homa, na nesi wa huko anadhani ni mafua. Andika sentensi mbili ambazo mwanafunzi huyu lazima amwambie nesi.