Dondoo muhimu: Ukifunga spea nyembamba Katesh

Spea nyembamba ya kwenye buti ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha, si ya kumalizia safari ya Babati au Singida.

1. Pima upepo kwanza. Nyingi zinataka PSI 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na iliyosahaulika muda mrefu huwa imelegea.
2. Usizidi kilomita 80 kwa saa, hata lami ikiwa tupu.
3. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele likipata pancha mbele, hamishia huko tairi zima la nyuma. Spea ikae nyuma. Wengi huruka hatua hii.
4. Kaza nati kwa mshazari, zikague tena baada ya kilomita chache.
5. Mvua ikinyesha, acha nafasi kubwa zaidi mbele yako.
6. Usiingie nayo njia za vumbi ukiwa umebeba magunia ya mahindi.