Mkono wa Tajiri, Jicho la Maskini: Msamiati wa Ukwasi na Ukata katika Kiswahili cha Mvita

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayetakiwa katika mtihani kueleza suala la mali katika utungo wowote wa pwani huwa na jibu tayari: utabaka. Huwagawa wahusika mafungu mawili, mabwanyenye huku na walalahoi kule, akaongeza neno "unyonyaji", akapata alama zake. Makala haya hayadai kwamba jibu hilo ni kosa. Yanadai kwamba huja mapema mno, kabla ya msomaji kuyasikiliza maneno ambayo wakazi wa kisiwa cha Mvita wenyewe wameyatumia kumsema mwenye nacho na asiye nacho. Tukiyasikiliza, tutaona kwamba lugha humhukumu tajiri kwa mkono wake na maskini kwa jicho lake, na kwamba kuna jambo zito ambalo hukumu hizo mbili haziligusi.

Maneno yaliyoshuka bandarini

Neno tajiri limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mfanyabiashara. Bepari limetoka Bara Hindi, na asili yake ni hiyo hiyo. Maneno mawili ya kazi moja yalishuka katika bandari za pwani, kisha yakaachana njia. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, aliipa jina Mabepari wa Venisi. Wingi huo ni wa kuzingatiwa, kwa kuwa mfanyabiashara anayetajwa katika jina la Kiingereza ni mmoja tu. Hiyo ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na tayari bepari lilikuwa limebeba lawama. Tajiri halikubebeshwa mzigo huo. Hadi leo dereva wa matatu Mombasa humwita mwenye gari "tajiri" bila kumsifu wala kumtukana. Ni jina la cheo tu, kama nahodha.

Maskini na fukara nayo ni ya Kiarabu, na yameingia katika lugha yetu pamoja na dini. Katika Kurani hao ndio wawili wa kwanza kutajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Kwa hiyo maskini ametambulishwa kwetu kama mtu mwenye nafasi maalumu: nafasi ya kupokea. Kisheria, zaka ni haki ya anayepewa. Katika mazoea ya mitaani, hata hivyo, mara nyingi huonekana kama hisani ya anayetoa, na ninaona kwamba mambo mengi yamepotea katika pengo hilo.

Kando ya maneno hayo pana mkwasi na mkata, ambayo leo twayakuta zaidi katika ushairi. Muyaka bin Haji (1776–1840), mshairi mkuu wa Mvita, aliishi katika mji ambamo msimu mmoja wa pepo ungeweza kumtajirisha mtu na mwingine ukamfilisi. Katika mji wa namna hiyo ukwasi na ukata ni hali zinazompata mtu na kumwacha, si fungu alilozaliwa ndani yake. Anayemsoma Muyaka kwa kutafuta matabaka yaliyokaa imara atalikosa jambo hilo.

Mkono na jicho

Tuzitazame nahau. Mtu mchoyo ana mkono wa birika. Mkarimu ana mkono wazi. Mwizi ana mkono mrefu. Mwombaji asiye na cha kutoa huonywa kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali maarufu kuliko zote hapa ni ile isemayo "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri". Umbo usambe, yaani "usiseme", limehifadhi kitenzi -amba cha lahaja za kaskazini, na ni ushahidi kwamba methali hiyo ni kongwe. Katika semi zote hizi hakuna anayeuliza mali ilipatikanaje. Mkono mrefu pekee ndio unaokaribia swali hilo, nao humlenga zaidi mdokozi wa vitu vidogo. Kinachopimwa ni kile kinachopita mkononi kwenda kwa wengine.

Kipimo hiki hakikuzuka hewani. Mji wa Kale ulijengwa ili kutoa kuonekane. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba kubwa hukaliwa na jirani na mpita njia pia. Mfumo wa wakfu uliwawezesha wenye mali kuzitoa nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na wahitaji, na futari ya Ramadhani ingali inapita mlango kwa mlango. Kuuita utaratibu huu wote unafiki wa mabwanyenye, kama nilivyowahi kusoma katika insha fulani, ni uvivu wa kufikiri. Watu wameshiba kwa utaratibu huo.

Lakini tazama upande wa pili. Maskini naye ana kiungo chake, nacho ni jicho. Anayetamani cha mwenzake ana kijicho. Hasidi huogopwa kwa macho yake. Na kijicho ni miongoni mwa mada zisizokauka katika maandishi ya kanga na mipasho ya taarab. Hapo mizani huinama. Kosa la tajiri, yaani ubahili, hurekebishwa kwa sahani moja ya futari. Kosa la maskini humzuia hata kuuliza, kwa sababu swali "mbona yeye anacho na mimi sina?" hupokewa kama dalili ya kijicho kabla halijajibiwa. "Tajiri na mali yake, maskini na wanawe," huambiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kiwanja cha Maskini

Januari 1947 maneno haya yaligeuzwa. Kuanzia tarehe 13 mwezi huo, maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma Mombasa kwa muda wa karibu wiki mbili. Walilalamikia mishahara midogo, ughali wa maisha na uhaba wa makazi. Kiwanja walichokutania kikaitwa Kiwanja cha Maskini. Kwa mwanafunzi wa lugha, jina hilo lina uzito sawa na mgomo wenyewe. Neno la mtu anayengoja kupewa likawa jina la mahali watu waliposimama kudai, na nafsi ya umoja ikawa ya wingi. Chege Kibachia, aliyekuja kuliongoza shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo huo, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini Kabarnet. Serikali ya kikoloni haikumhofia mtu kwa sababu ya kijicho.

Mnazi na ardhi

Sauti hiyo ya kudai ndiyo ninayoisikia katika shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute" la Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Shairi hilo limo katika Sauti ya Dhiki (1973). Ndugu wawili, Alii na Badi, wanajibizana juu ya mnazi. Wahakiki wengi huukimbilia ufumbo wa kisiasa, na ni haki yao. Mimi ningependa tubaki kidogo na mnazi wenyewe. Pwani, mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Swali "mti huu ni wa nani?" lilikuwa swali la kweli kabla halijawa fumbo.

Nalo lingali la kweli kisiwani, ila sasa ni juu ya nyumba. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wawasilishe madai yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Wenye kuzijua njia za ofisini walipata hati, na wengi wengine hawakupata. Katika mitaa kama Majengo umeota mtindo ambao sheria ya Kiingereza ingeuona kioja: mtu humiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, naye humlipa mwenye ardhi kodi.

Mtu huyu tumweke fungu gani? Kwa anayepanga chumba chake, yeye ni mwenye nyumba, na pengine husemwa kuwa ana mkono wa birika. Mbele ya mwenye ardhi, yeye ndiye mlipaji kodi, na akihoji hati ya 1908 ilipatikanaje huenda akaambiwa ana kijicho. Mwenye ardhi naye anaweza kuwa mkarimu kweli, mwenye mkono wazi kila Ramadhani, na hati ikabaki pale pale. Hata Kiswahili hakijampa jina mtu huyu wa katikati. Mpangaji ni yule aliye chumbani. Yeye aliyejenga kuta juu ya ardhi ya mwingine twamweleza kwa sentensi nzima.